Waandaaji wa gemu hapa Nairobi, acheni kutupangia marafiki

Wasee, leo nimekasirika na sifichi. Tulikuwa na kikundi chetu cha kucheza mtandaoni, watu wa Umoja, Kayole, Githurai, wengi hatujawahi kuonana uso kwa uso. Bando za usiku zikianza, watu wanaingia: huyu analia mtandao unakwama, yule anatafuta wa kumlinda mgongo. Fujo tupu, na ndiyo tuliyoipenda.

Ikaja kampuni moja ya hapa mjini, eti itatujengea "jamii". Tukagawanywa kwa orodha, tukaletewa manahodha tusiowajua, siku za mazungumzo zikawekwa kwenye ratiba, na pointi kwa kila anayesalimia. Pointi za salamu, jameni! Sasa mtu anaandika "habari zenu", anachukua pointi zake, anapotea. Stori hakuna.

Ukiuliza unajibiwa kwamba jamii isipopangwa haitakuwepo. Nani kawadanganya? Miaka ya 1980 kampuni ya Lucasfilm ilitengeneza Habitat, mchezo wa kuchezwa na watu wengi mtandaoni kwa kompyuta ya nyumbani ya Commodore 64. Waundaji walipanga msako mkubwa wa hazina, kazi ya wiki kadhaa. Mtu mmoja akaumaliza upesi, wengi hata hawajajua waanzie wapi. Ila wachezaji, bila kutumwa na yeyote, walianzisha kanisa, wakabishana kama wizi na mauaji yaruhusiwe, wakamchagua sherifu. Waundaji wenyewe, Chip Morningstar na Randall Farmer, waliandika kwamba kupanga kila kitu kutoka juu hakuwezekani, usijaribu hata.

Najua kuna atakayenitupia EverQuest, mchezo wa mtandaoni wa 1999. Sawa, ile ilipangwa, lakini angalieni kilichopangwa ni nini. Hakuna aliyeamrishwa kuongea. Ukipiga uchawi nguvu zinaisha, unakaa chini kuzisubiri, na bila mtu wa kukuponya huendi mbali. Umekaa na mwenzako hivyo, hamna la kufanya, utanyamaza hadi lini? Walipanga shida na kusubiri. Urafiki ukaja wenyewe.

Hata soko la humo wachezaji walijitafutia: walijazana kwenye handaki la East Commonlands, sehemu moja ya mchezo huo, kila mtu anapiga kelele za bei kama Gikomba. Mwaka 2001 watengenezaji wakaleta Bazaar, eneo la soko ambako unaacha mhusika wako anauza, wewe umeenda kulala. Rahisi, sibishi. Lakini handaki lilipoa, na nani anapiga soga na muuzaji aliyelala?

World of Warcraft nayo, mchezo mwingine wa aina hiyo, Desemba 2009 ilileta kitufe cha kukutafutia kikundi hata kutoka seva nyingine, yaani kompyuta nyingine inayoendesha mchezo kwa wachezaji wake. Zamani ukiwaibia wenzako ngawira, seva nzima inakujua na hakuna anayekuchukua tena. Kwa kitufe kile unacheza na watu ambao huenda usiwaone tena, ya nini kuwa na adabu?

Kwa hiyo nyinyi waandaaji, kama pesa za kulipa manahodha zipo, zipelekeni kwenye seva iliyo karibu, maana kwa sasa mchezo unachelewa, risasi yangu inafika nikiwa nimeshakufa. Turudishieni chumba chetu cha zamani na futeni hizo pointi za salamu. Na kama kuna mwingine hapa aliyewekewa nahodha bila kuulizwa, aseme, tuandike malalamiko pamoja kabla hawajatuletea ratiba ya mwezi ujao.