Naomba ushauri: namna ya kuusikiliza mchanganyiko wa DJ wa hausi na transi mpaka mwisho

FundiCherehani (Mwanga, Kigoma)

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote, na kwa walionizidi umri, shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, na kwa zaidi ya miaka ishirini redio ya kibandani kwangu imekuwa ikipiga dansi la zamani na rumba za Kongo, kama ilivyo kawaida yetu sisi tuliokulia mwambao huu, ambako muziki wa ng'ambo ya ziwa huingia ndani bila kubisha hodi. Mwezi uliopita mpwa wangu anayesoma Dar es Salaam alinitumia flashi kwa mkono wa abiria wa treni. Ndani yake mna mkusanyiko wa diski mbili ambao DJ mmoja wa Ulaya ameuchanganya mwenyewe: diski ya kwanza ni hausi, ya pili ni transi, na kila moja inachukua dakika zipatazo 74. Ujumbe alioniandikia ulikuwa mfupi: "Mjomba, sikiliza mwanzo hadi mwisho, usiruke. Desemba nikija uniambie ni sehemu gani imekushika."

Sina budi kueleza kwa nini siwezi kumjibu kwa kubahatisha. Alipokuwa mtoto alikuwa na tabia ya kupeleka kaseti mbele ili aifikie sebene, ile sehemu ya mwisho ya rumba ya magitaa na kucheza, nami nilikuwa nikimkanya na kumwambia kwamba asiyekuwa na subira ya kusikiliza maneno ya mwanzo hana haki ya kuicheza sebene yenyewe. Leo fimbo ileile amenigeuzia mimi.

Nimejaribu mara nne na mara zote nimeshindwa. Kwanza, siwezi kujua wimbo unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi, kwa hiyo hata nikipendezwa na kitu sijui nikitaje vipi. Pili, kila baada ya dakika sita hivi muziki unakatika kwa muda wa kupepesa jicho, kisha unaendelea, kama mtu anayetembea usiku akakanyaga shimo dogo. Tena mpangilio umevurugika, kwa sababu faili yenye namba 7 inafuata ile yenye namba 2. Tatu, na hili ndilo linalonikera zaidi, ngoma ni ileile, du, du, du, du, hadi mama mmoja aliyeleta kitenge chake aliniuliza kwa upole kama redio imekwama.

Naomba kujua: kosa ni la flashi, la sikio langu, au la muziki wenyewe? Naomba kuwasilisha.

Kibirizi_Asubuhi

Fundi, huyo mama amekupa jibu bure, nawe umekuja kulitafuta huku. Mpigie mpwa wako umwambie imekushika ile sehemu ya mwisho, pale inaponyamaza.

ReliYaKati (Kigoma)

Mleta uzi, nitaligusa suala la pili peke yake kwa kuwa ndilo ninaloliweza, maana kazi yangu ni kutengeneza simu na redio.

Flashi yako ni nzima. Kwenye diski ya aina hiyo muziki ni mkondo mmoja usiokatika, na alama za kugawa nyimbo zimepachikwa juu yake tu, kama vituo kwenye reli ambayo haikatiki. Mpwa wako alipoihamishia kwenye kompyuta, kila kipande kikawa faili ya MP3 inayojitegemea, na utengenezaji wa MP3 huongeza ukimya mfupi sana mwanzoni na mwishoni mwa kila faili. Kwa nyimbo za kawaida hutaugundua, kwa sababu wimbo wenyewe huisha kwa ukimya. Kwenye mchanganyiko wa DJ mkato huo unaangukia katikati ya mapigo, na ndilo shimo unalolikanyaga.

Kuhusu mpangilio, redio nyingi za flashi za bei nafuu hazisomi majina ya faili. Zinapiga kwa kufuata faili ipi ilinakiliwa kwanza. Ukizinakili upya moja baada ya nyingine, kuanzia 1 hadi mwisho, zitakaa sawa. Lakini shimo litabaki. Dawa ya kweli ni kumwomba mpwa wako aitoe kila diski kama faili moja nzima. Dakika 74 kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde ni kama megabaiti 71, kiasi ambacho anaweza kukutumia kwa simu. Akitaka iwe safi zaidi, atumie kilobiti 320, ingawa itafika karibu megabaiti 178 na bando lako litaumia.

MzeeWaSanturi (Tabora)

Ndugu fundi, mimi niko Tabora, na katika ujana wangu nilipiga disko za kumbini kwa santuri na baadaye kaseti, kwa hiyo niruhusu niandike kwa urefu kidogo.

Unatafuta wimbo unaishia wapi kwa sababu sisi tumezoea wimbo wenye mwanzo, maneno na mwisho. Hapo mwenye kazi ni DJ, na kipande chake si wimbo mmojammoja, ni zile dakika 74 zote. Nyimbo anazotumia zimetengenezwa makusudi zikiwa na mwanzo mrefu wa ngoma tupu na mwisho mrefu wa ngoma tupu, ili ya pili ianze kupanda wakati ya kwanza bado inashuka. Palepale unapodhani hakuna kinachotokea ndipo fundi mwenzako yuko kazini. Wewe unajua: mshono mzuri hauonekani mpaka uigeuze nguo.

Igeuze basi namna hii. Usifuate kinanda, fuata besi. Besi mbili zikilia pamoja zinavurugana na kuwa tope, hivyo DJ huishusha ya wimbo unaotoka kabla hajaifungulia ile inayoingia. Besi ikibadilika mwendo, ujue umevuka mpaka, hata kama matoazi na sauti nyingine za wimbo wa zamani bado zinasikika. Halafu hesabu mapigo: moja hadi nne, mara nane, yaani mapigo 32. Kwa hausi inayokwenda mapigo 124 kwa dakika, hizo ni sekunde 15 na nusu. Aghalabu mzunguko huo ukiisha kuna kitu kinaingia au kinatoka: kofi, toazi, sauti ya mtu, filimbi ya kinanda. Ukishaizoea hesabu hiyo, utaanza kukitarajia kitu kabla hakijaja, na ile "du, du, du" itakuwa sakafu ya kukanyaga tu, usiisikilize tena.

Ili nyimbo mbili ziende pamoja lazima mwendo wake ulingane. Kwenye mashine za Technics SL-1200 za toleo lililotoka mwaka 1979, ambazo zilikuwa ndoto ya kila mpiga santuri wa wakati wetu (mimi niliishia kuzitazama kwenye picha), kuna kitelezi cha kuongeza au kupunguza mwendo kwa asilimia 8. Maana yake santuri ya mapigo 124 unaweza kuishusha hadi 114 au kuipandisha hadi karibu 134, na yote hayo kwa sikio na kidole.

Sasa tofauti ya diski zako mbili. Hausi ilizaliwa Chicago, Marekani, na wengi hudhani jina lake lina maana ya nyumba. Linatokana na klabu iliyoitwa Warehouse, yaani ghala, ambako DJ Frankie Knuckles alianza kupiga mwaka 1977. Alikuwa akichukua nyimbo za disko na soul, anazirefusha kwa kukata na kuunga tepu, na baadaye anaziongezea ngoma za mashine. Alifariki mwaka 2014. Hausi basi ina asili ya watu wanaocheza, ina kiuno na sauti za watu, na mwendo wake huwa kati ya mapigo 118 na 130. Transi ilikomaa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1990, hasa upande wa Frankfurt, na huenda kasi zaidi, mapigo 130 hadi 140 hivi. Alama yake kubwa ni kwamba katikati ya wimbo ngoma zinaondoka kabisa. Kinabaki kinanda peke yake, kinatanda kama ukungu, wakati mwingine kwa zaidi ya dakika nzima, kisha sauti zinapanda, zinapanda, halafu ngoma zinarudi zote kwa pamoja.

Umeitambua? Hiyo ni subira ya rumba. Franco na TPOK Jazz walikuwa na nyimbo zilizomaliza dakika kumi na kuzidi, na mwenye akili alijua kwamba sebene inakuwa tamu kwa sababu ya maneno yaliyoitangulia. Ushauri wangu ni uanze na diski ya pili, ya transi, kwa kuwa humo "sebene" inajitangaza waziwazi. Hausi ni ya siri zaidi, iache baadaye.

DadaWaGungu

Namheshimu sana Mzee, lakini hapo mwisho simuungi mkono. Kumwambia mtu wa rumba aanze na transi ni kumpeleka mbali wakati jirani yupo. Fundi, bila shaka amapiano umeisikia, hata kama huijui kwa jina, kwa sababu haipiti siku bila bodaboda kupita nayo. Ule ni mtoto wa hausi, kazaliwa Afrika Kusini, anakwenda taratibu, kama mapigo 112 kwa dakika. Sikiliza amapiano siku mbili, kisha uingie diski ya kwanza, na utaona kwamba kilichobadilika ni mwendo tu na ile ngoma nzito ya besi. Isitoshe, mpwa wako alisema mwanzo hadi mwisho. Mwanzo ni hausi.

Neno "kiuno" Mzee amelitumia vizuri. Transi haina kiuno. Transi ni ya kutazama juu.

MzeeWaSanturi (Tabora)

Binti yangu, umesema kweli kuhusu kiuno. Kuhusu mpangilio bado nabaki na langu.

Kibirizi_Asubuhi

Nami nimejaribu kuhesabu hizo 32 kwenye wimbo wa singeli. Nilifika 19 nikaanza kuhema.

ReliYaKati (Kigoma)

Nyongeza moja. Mkianza kusikiliza besi kwa makini mtashawishika kuvaa hedifoni na kuongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika desibeli 90, zinabaki saa nne tu kwa wiki. Diski zako mbili peke yake ni karibu saa mbili na nusu. Fundi, tumia spika, weka sauti ambayo mteja anaweza kuongea juu yake bila kupaza yake.

FundiCherehani (Mwanga, Kigoma)

Wanajukwaa, narudi na majibu baada ya siku tisa.

Mpwa amenitumia kila diski kwa faili moja, na mashimo yameisha kabisa. ReliYaKati, ahsante sana. Nilifuata ushauri wa Mzee, nikaanza na transi, nikiwa na oda ya sketi za shule za kushona. Siku mbili za mwanzo nilikuwa nikihesabu kwa midomo kama mtu anayesoma nyiradi, na mwanafunzi wangu wa ufundi akaanza kunitazama kwa wasiwasi. Ile mipaka ya besi nimeipata mitano. Kwenye mmoja nilirudisha nyuma mara tatu ili nihakikishe, na kila mara niliona kwamba wimbo mpya ulikuwa umeshaingia kitambo wakati mimi bado nadhani niko kwenye ule wa zamani.

Jambo lenyewe lilinitokea siku ya tano, saa ambayo sikuwa nikihesabu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Nilikuwa naunga pindo la sketi, nikaona kazi imesimama: sindano imezama kwenye kitambaa, gurudumu limetulia, mikono yangu bado imeshika nguo. Nikadhani mkanda umetoka. Nikainama kuutazama, mkanda uko mahali pake. Ndipo nilipofahamu kwamba ngoma zilikuwa zimeondoka kwenye muziki na mguu wangu nao ukaondoka pamoja nazo, bila mimi kuamua lolote. Kumbe tangu asubuhi nilikuwa nakanyaga kwa kufuata mapigo. Kilibaki kile kinanda cha ukungu alichokitaja Mzee. Sikuthubutu kuukanyagisha mguu kwa nguvu. Nilikaa nikisubiri, na zile sauti zikapanda, na ngoma ziliporudi mguu ulianza wenyewe, na pindo likaendelea. Nilitazama saa ya simu: dakika ya 41.

Jioni ile nilimpigia mpwa wangu, sikuweza kungoja Desemba. Nikamweleza habari ya mguu na sindano, alicheka sana, kisha akaniuliza kilikuwa kipande gani. Nikamwambia, diski ya pili, dakika ya 41. Akanyamaza kidogo.

"Mjomba," akasema, "kwa hiyo diski ya kwanza umeiruka?"

DadaWaGungu, leo nimeanza na hausi. Sketi zimebaki sita.