Nitaufuataje mpango wa lishe ilhali kazi hunishika tangu alfajiri hadi usiku?

Mkazi wa Mamboleo

Hamjambo nyote. Naomba ushauri wa watu waliowahi kuishi na mpango wa lishe huku wakiwa wameajiriwa, hasa walio Kisumu, Nakuru na miji ya magharibi, kwa kuwa chakula kinachopatikana katika masoko na vibanda vyetu hakitofautiani sana. Mimi ni afisa wa mikopo katika chama cha akiba na mikopo hapa Kisumu. Hutoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurejea yapata saa mbili usiku. Mwisho wa mwezi huchelewa zaidi kwa sababu ni sharti hesabu zifungwe. Mke wangu ni mwalimu, naye hufika nyumbani akiwa na madaftari ya kusahihisha, kwa hivyo si haki nimtwike peke yake mzigo wa kunipikia chakula maalumu.

Nilipopimwa hivi karibuni, sukari ilionekana imepita kiwango cha kawaida ingawa haijafikia kisukari, na shinikizo la damu nalo limeanza kupanda. Afisa wa lishe alinipa mpango ambao siupingi hata kidogo: uji usio na sukari au mayai ya kuchemsha asubuhi, tunda saa nne, sahani ya mchana ambayo nusu yake ni mboga, na chakula cha jioni kabla ya saa moja. Lakini ofisini saa nne huletwa chai iliyokwisha kutiwa sukari pamoja na mandazi; mchana nina nusu saa tu, ambayo hutosha kuvuka barabara na kununua chipsi au chapati kwa maharagwe; na saa moja jioni huwa ningali katika msongamano wa magari pale Kondele. Jumatatu huanza vyema, ila kufikia katikati ya wiki ratiba yote huwa imevunjika.

Je, katika mpango kama huu ni sehemu zipi ambazo hazilegezwi, na zipi zinaweza kufuata saa za kazi? Je, chakula kilichopikwa Jumapili kinaweza kuliwa kwa usalama siku zinazofuata katika joto la Kisumu? Na mtu anayelazimika kula mchana kibandani afanyeje?

Afisa wa Lishe, Kakamega

Ndugu, pole kwa kazi nyingi, na hongera kwa kulishughulikia jambo hili mapema. Watu wengi ninaowahudumia ni walimu, makarani na waendeshaji wa bodaboda ambao siku zao zinafanana na yako. Ninayokuandikia hayachukui nafasi ya ushauri wa aliyekupima. Mrudie, umweleze saa zako halisi za kazi, kwa maana mpango ulioandikwa bila kuzijua saa hizo haujakamilika.

Katika kila mpango wa lishe kuna kile kinacholiwa, kiasi chake na wakati wa kukila. Kwa mtu mwenye hali yako ambaye hajaanza kutumia dawa, chakula chenyewe na kiasi chake ndivyo vya kushikilia kwa nguvu, na wakati ndio wenye nafasi ya kusogezwa. Naona wengi wakifanya kinyume: wakikosa kula saa moja jioni huona siku nzima imeharibika, kisha hula lolote lililopo. Ukila saa mbili na nusu sahani iliyopangwa vizuri, umeufuata mpango.

Anza na chai, kwa sababu ndipo mabadiliko yalipo rahisi na faida ni kubwa. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina takriban gramu 4. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000, na linasema ni bora zaidi ikishuka hadi gramu 25. Vikombe viwili vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja vinakaribia kiwango hicho cha pili kabla hujagusa soda wala mandazi. Mwombe anayepika chai ofisini aweke sukari kando ili kila mtu ajitilie. Pia, usiinywe chai pamoja na mlo wa mchana, kwa kuwa huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharagwe. Iache ikae mbali na mlo kwa saa moja hivi.

Kuhusu ugali nataka kusema zaidi, maana ndiko kunakoleta kutoelewana kwingi. Mtu huambiwa ale ugali wa wimbi au wa mtama, naye huelewa kwamba rangi ya ugali imemwondolea mipaka, kwa hivyo anakula mlima uleule aliokuwa akila wa unga mweupe. Ni kweli kwamba wimbi, mtama na mahindi yasiyokobolewa yanayosagwa kisiagini yana nyuzinyuzi nyingi zaidi, na faida hiyo si ndogo, lakini wanga wake bado hugeuka kuwa sukari mwilini. Kipande kisizidi ngumi yako, nacho kichukue robo ya sahani. Robo nyingine iwe maharagwe, ndengu, samaki, yai au omena, ambayo kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yake huupa mwili kalisi nyingi. Nusu inayobaki ni mboga, na katika eneo letu hatuna kisingizio: mnavu, saga, kunde na mrenda vimejaa sokoni. Nduma na viazi vitamu vihesabu upande wa ugali, usivihesabu kama mboga. Vilevile tunda ulile likiwa zima, usilifanye juisi.

Ukichelewa kurudi, wanga wa jioni uwe mdogo kuliko wa mchana, kisha tembea mtaani dakika 10 hadi 15 baada ya kula, kwa sababu misuli inayofanya kazi huichukua sukari kutoka katika damu. Iwapo siku moja utaandikiwa dawa za kushusha sukari, uliza upya kuhusu saa za kula, kwani hapo kuruka mlo kunaweza kuwa hatari.

Muuguzi wa Zamu, Nakuru

Habari zenu. Nafanya kazi wodini, wiki nyingine mchana na nyingine usiku, kwa hivyo swali la chakula cha Jumapili linanihusu sana.

Tuko tofauti kidogo kwa hali ya hewa: Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kisumu iko karibu mita 1,130, na usiku wenu kando ya ziwa una joto zaidi. Hata hivyo, nisingependa mtu wa Nakuru adhani kwamba baridi ya usiku ni jokofu. Vijidudu huongezeka haraka katika chakula kilicho kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, ndiyo maana tunashauriwa chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Ile desturi ya kuacha sufuria ya wali juu ya jiko hadi asubuhi kisha kuupasha moto naipinga kabisa, kwa sababu kuna vijidudu vinavyomea katika wali na kuacha sumu ambayo moto wa kawaida wa jikoni hauiharibu.

Mwenye jokofu apike maharagwe, ndengu au githeri. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji hayo yamwagwe, kisha yachemshwe bila chumvi na kugawanywa katika mikebe midogo, kila mmoja mlo mmoja, ili yapoe upesi kabla ya kuingizwa. Mikebe ya siku mbili tatu za kwanza hukaa kwenye jokofu na iliyobaki kwenye friza. Unapokipasha moto, chakula kichemke hadi katikati, kisiwe cha vuguvugu. Chakula cha kubeba kitiwe kikiwa cha moto sana ndani ya chombo kinachohifadhi joto.

Asiye na jokofu asipike cha wiki nzima, bali apunguze kazi ya jioni. Omena kavu iliyochambuliwa mwishoni mwa wiki hukaa vizuri, na maharagwe yaliyolowekwa asubuhi huiva upesi jioni. Kwa ajili ya mchana, viazi vitamu na mayai yaliyochemshwa asubuhi ile ile, pamoja na ndizi na njugu zisizo na chumvi, vinatosha kumtoa mtu kwenye foleni ya chipsi.

Mboga za majani usizipike za siku nyingi. Mama mboga hukata sukuma wiki vizuri sana, lakini mwombe akuuzie majani yakiwa mazima, uyaoshe kwanza ndipo uyakate, kwa maana yakioshwa baada ya kukatwa, vitamini C huondoka na maji. Usitie magadi ili zilainike. Huharibu vitamini na huongeza sodiamu, ambayo mtu mwenye shinikizo la damu anapaswa kuiepuka. Chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya viungo vya pakiti vya mchuzi, ambayo watu wengi huisahau.

Kwa wenzangu wa zamu ya usiku: mwili haushughulikii sukari usiku kama unavyofanya mchana. Kuleni mlo kamili kabla ya kuingia kazini, na usiku wa manane iwe ni kitu chepesi.

Mama wa Kibanda, Kisumu

Nami nachangia kwa upande wa wanaopika. Ninauza chakula cha mchana karibu na steji hapa mjini, na nasikitika wateja wanapoketi na kula wasichokitaka wakidhani kwamba hatuwezi kubadilisha. Kuna mambo tunayoweza na mengine hatuyawezi, na ni vyema uyajue kabla ya kuja.

Bila maandalizi yoyote, unaweza kuomba ugali nusu na mboga mara mbili, ukalipia tofauti ikiwapo. Hilo ni jepesi, na hakuna mwenye kibanda atakayekasirika. Lakini samaki wengi hukaangwa asubuhi kwenye mafuta mengi kabla ya kutiwa kwenye mchuzi, kwa hivyo ukifika saa saba na kuomba ngege wa kuchemsha, hayupo. Vivyo hivyo kwa chumvi: mchuzi umekwisha kutiwa, na siwezi kuitoa.

Linalowezekana ni kuagiza. Mimi hufika soko la Kibuye mapema, na kufikia saa tatu na nusu sufuria ziko motoni. Mteja akinitumia ujumbe jioni iliyotangulia, namtengea samaki asiyekaangwa au omena iliyopikwa kwa nyanya na mafuta kidogo. Sasa nikuambie ukweli wa biashara: hakuna anayewasha jiko la pili kwa ajili ya sahani moja, kwa sababu makaa na gesi ni ghali. Wakiwa wanne au watano kutoka ofisi moja, wakakubaliana na kulipia wiki nzima Jumatatu, hapo nitawapikia sufuria yao yenye chumvi kidogo, nao watakuta sahani ziko tayari. Nusu yako ya saa haitaishia kwenye foleni. Zungumza na wenzako, kwani si wewe peke yako ofisini ambaye ameambiwa apunguze mafuta.

Mkazi wa Mamboleo

Nawashukuru sana. Jambo la kuagiza kwa pamoja sikuwa nimelifikiria, na tayari wenzangu wawili katika idara yetu wamekubali. Kuhusu sukari kuwekwa kando, nitalipeleka ombi hilo kwa meneja.

Limebaki jambo moja. Karibu kila Jumamosi nasafiri kwetu Vihiga kwa sababu ya matanga, au kwa harambee na mikutano ya ukoo. Huko siwezi kuagiza, na mgeni anayekataa chakula huonekana amewadharau wenyeji. Mnafanyaje?

Mwalimu Mstaafu, Bungoma

Mwanangu, nina kisukari, na shughuli hizo siziachi, kwa kuwa mtu asiyewazika wenzake hana pa kuzikiwa. Usikatae chakula. Kinachotakiwa ni kusema mapema, na umwambie mtu anayefaa. Kabla watu hawajaketi, tafuta shangazi au wifi anayesimamia upakuaji, umwambie kwamba hospitali imekupunguzia sukari na wanga, kisha umwombe akupakulie nyama na mboga kwanza, na ugali uwe wa kugusia tu. Kwetu watu huliheshimu agizo la hospitali, na siku hizi katika kila boma kuna mzee au mama mwenye shida hiyo hiyo, kwa hivyo huna haja ya kuona haya. Chai ya matanga hupikwa katika sufuria kubwa ikiwa na sukari ndani. Omba wakukingie maziwa ya moto au maji kabla sukari haijatiwa, na kama umechelewa, kunywa maji.

Kula kitu kabla ya kuondoka Kisumu asubuhi, kwa sababu chakula cha matanga huweza kuchelewa hadi saa kumi, na mtu mwenye njaa ya namna hiyo hapimi ngumi ya ugali. Na unaporudi jioni, ununue kunde, saga na mayai ya kienyeji pale sokoni Luanda, huko Vihiga, au nyumbani kwenu, ili Jumapili muanze kupanga wiki mkiwa navyo.