Gari la kulala ndani: Ziwa Mburo, Bunyonyi au Murchison?

Mama Zuu, Kampala
Hamjambo jamani. Baba watoto amemaliza kufunga kitanda na jiko la gesi kwenye Hiace yetu (inavuta magurudumu ya nyuma tu), na likizo ya mwezi wa nane tunataka kutoka siku sita na watoto wawili, mkubwa ana miaka 9. Tunapima Ziwa Mburo, Ziwa Bunyonyi na Murchison Falls. Uzuri wa kuangalia naamini upo kote. Mimi nauliza habari za usiku: gari litasimama wapi, choo kiko umbali gani, na mtoto akiamka saa nane kutaka kukojoa nafanyaje?

Dereva wa Masaka
Dada, anza na Mburo. Ni kama saa nne kutoka Kampala. Kiingilio cha hifadhi kinahesabiwa kwa saa 24, basi ukiingia saa kumi jioni unacho hadi saa kumi ya kesho yake. Ukiingia asubuhi na ukalala, unajikuta unalipia siku ya pili kwa saa chache tu. Kambi yenyewe inalipiwa peke yake.

Sasa usiku. Kambi ya kando ya ziwa haina uzio. Nililala pale na mke wangu, na mnamo saa tano nikasikia nyasi zinang'olewa, kra, kra, kama mtu anayefyeka kwa panga butu. Nikazima taa, nikafunua pazia kidogo. Kiboko alikuwa anakula hatua tano kutoka tairi la nyuma. Tulikaa kimya karibu saa nzima mpaka akasogea. Kwa hiyo jibu la kukojoa ni ndoo yenye mfuniko, ndani ya gari, mlango haufunguliwi. Na usiegeshe kwenye njia aliyoichonga kutoka majini; ukimzibia pa kurudi ni hatari kubwa. Mwombe renja akuonyeshe pa kusimama.

Msafiri Kabale
Kwa watoto wa umri huo mimi nasema Bunyonyi. Ziwa halina kiboko wala mamba, mtoto anashika tochi anakwenda chooni. Ila ni zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo blanketi mbili kwa kila mtu, na ziwa lina kina kirefu: hakuna mtumbwi bila jaketi la kuokoa maisha.

Shida ya huku ni mteremko. Milima yetu imechongwa ngazi ngazi, na gari likilala kichwa chini mtaamka vichwa vinauma. Njoo na vipande vya mbao vya kupandishia magurudumu. Mimi huweka bakuli la maji kitandani: yakikaa sawa ukingoni pande zote, tunalala.

Babu Hiace, Busia
Murchison barabara si kisingizio tena, lami inafika Paraa, pale pa kuvukia Mto Nile ndani ya hifadhi, na feri ilipokuwa sasa kuna daraja. Watoto watafurahia ngiri, wanapiga magoti kula nyasi katikati ya kambi. Lakini binti yangu, gari lenu ni la rangi gani? Mbung'o wa kule wanafuata bluu iliyokolea na nyeusi, na wanalifukuza gari linalotembea. Joto lote lile na vioo mmefunga, watoto watachoka.

Mama Zuu, Kampala
Gari ni bluu, Babu. Murchison basi tunaiacha kwa sasa.

Dereva wa Masaka
Msafiri, umesahau kumwambia kwamba Kabale, mji wa karibu na Bunyonyi, ni zaidi ya kilomita 400 kutoka Kampala. Siku nzima barabarani na watoto!

Msafiri Kabale
Ni kweli. Lakini Mburo iko njiani. Alale huko usiku mmoja, kesho yake apite Mbarara aje kwetu.

Mama Zuu, Kampala
Hapo mmenimaliza. Mburo usiku mmoja, Bunyonyi mitatu, na kurudi tutapumzika Masaka. Msafiri, nikifika Mbarara nitakuandikia uniambie kambi ipi ina kiwanja tambarare. Mbao baba watoto ameshaanza kukata.