UZI: Galari zinachukua nusu ya mauzo, halafu zinaziua picha za rangi za maji

Wakuu, heshima kwenu, ila leo sibembelezi mtu.

Galari inakata kamisheni ya 40 hadi 50%. Sawa, wana pango la kulipa na wana wateja. Lakini kamisheni hiyo inalipia pia utunzaji wa kazi, na hapo ndipo msanii mgeni kwenye maonyesho anapoibiwa mchana kweupe. Karatasi inatundikwa kana kwamba ni turubai la rangi ya mafuta. Ikiharibika, anaambiwa karatasi yake ni mbovu.

Tuanze na taa. Makumbusho huweka kazi za karatasi kwenye mwanga wa lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga). Galari inafunga spoti kali juu ya kila fremu, au inaweka picha mkabala na dirisha ili wapita njia waione. Tabaka la rangi ya maji ni jembamba mno na halina mafuta wala vanishi, kwa hiyo mwanga unaishambulia rangi moja kwa moja. Na kilichopauka hakirudi, hata picha ukiifungia gizani miaka kumi. Mkusanyaji sanaa Henry Vaughan, katika wosia uliozifikishia galari za taifa za Ireland na Scotland picha za rangi za maji za mchoraji Mwingereza Turner mwaka 1900, aliweka sharti zionyeshwe Januari tu, mwezi ambao mwanga wa huko ni hafifu, na sharti hilo linaheshimiwa mpaka leo. Wewe unauza kazi za karatasi, huna hata kipima mwanga, unadai nusu ya nini?

(Ndiyo, kuna rangi zinazopauka hata zikitunzwa. Alizarin Crimson halisi, nyekundu yenye msimbo PR83, ni mojawapo. Asiyesoma msimbo kwenye tyubu asiisingizie taa.)

Halafu hiyo wanayoiita "huduma ya fremu", inayokatwa kwenye fedha za msanii! Kioo kinalazwa juu ya karatasi bila nafasi. Hali ya hewa ikibadilika, unyevu unatengeneza matone upande wa ndani wa kioo, gundi iliyomo kwenye rangi inalainika, picha inanata kwenye kioo, na ukungu unafuata. Dawa yake ni mauntibodi (kadibodi ya kuzungushia picha) isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha, ili kioo kisiguse karatasi. Nyuma napo wanabandika selotepu pande zote nne. Kosa mara mbili: gundi yake hugeuka njano na kupenya karatasi, na karatasi ikitaka kutanuka kwa unyevu inakosa pa kwenda, inajikunja mawimbi. Hata karatasi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba hujikunja. Kinachotakiwa ni vishikizo viwili vya karatasi ya Kijapani, vilivyobandikwa kwa uji wa wanga wa ngano, ukingo wa juu tu. Chini iachwe ining'inie.

Sasa fedha. Chukua picha ya 100 ambayo fremu yake, kwa gharama ya msanii, ni 20. Kamisheni ni 50%. Mteja anaomba punguzo la 10%, galari inakubali bila kumuuliza mwenye kazi, kisha inachukua 50 yake kamili. Msanii anabaki na 40. Toa fremu, anabaki na 20. Punguzo lote kalibeba yeye! Kama mkataba hausemi punguzo linagawanywa vipi, usisaini. Usisaini pia kama hausemi nani analipia uharibifu kuanzia kazi inapopokelewa hadi inaporudishwa, wala malipo yanatoka siku ngapi baada ya mauzo. Siku 30 zinatosha. Siku ya makabidhiano kila picha ipigwe picha mbele na nyuma, kasoro ziandikwe, pande zote mbili zitie saini. Bila karatasi hiyo, doa lililotokea ukutani kwao litaitwa lako.

Wanaokodisha ukuta ndio wabaya zaidi. Ada umeshawalipa, na kamisheni bado wanaitaka. Wakishakula ada, picha ikiuzwa au isiuzwe, wao wameshapata chao.

Na kazi zisizouzwa zinarudishwa vioo vikiwa vitupu. Kubandika masking tepu kwa mkato juu ya kioo ni kazi ya dakika mbili, na ndiyo inayozuia vipande visichane karatasi kioo kikivunjika njiani. Kama badala ya kioo ni akriliki (plastiki angavu) usibandike, tepu inaacha gundi.

Wenye galari mliomo humu, anzeni kujibu hilo la punguzo.