Mjadala: Gesi ya kina kirefu isindikwe Likong'o au baharini?

Ndugu wachangiaji, hoja inayorudiwa sana ni kwamba Tanzania iachane na mtambo wa nchi kavu wa kusindika gesi wa Likong'o, mkoani Lindi, unaokadiriwa kugharimu dola bilioni 42, ifuate njia ya Msumbiji, ambako mtambo unaoelea wa Coral Sul ulitoa shehena ya kwanza Novemba 2022 huku ujenzi wa ule wa nchi kavu, Afungi, ukisimama kwa miaka kadhaa baada ya mashambulizi ya wapiganaji katika mji jirani wa Palma mwaka 2021. Hoja hiyo ina uzito, hasa tukikumbuka miaka iliyoishia kwenye meza za majadiliano. Hata hivyo, mimi nasimama na Likong'o.

Kusindika gesi ni kuipoza hadi nyuzi joto hasi 162, ujazo wake ukapungua takriban mara 600. Kabla ya hapo huondolewa hewa ya ukaa na mvuke wa maji, ambavyo vingeganda na kuziba mabomba, pamoja na zebaki, ambayo hula aluminiamu ya mitambo ya kupozea. Baharini kazi zote hizo hubanwa kwenye chombo kimoja, na hitilafu moja huweza kusimamisha kila kitu: mtambo unaoelea wa Prelude, Australia, wenye urefu wa mita 488, ulikosa umeme Desemba 2021 ukakaa bila kuzalisha hadi Aprili 2022.

Lakini hofu yangu kubwa si hitilafu, ni mahali gesi inapoishia. Coral Sul uliundwa Korea Kusini, na gesi yake hutoka kisimani, husindikwa na kupakiwa kwa ajili ya mnunuzi mmoja, BP, bila kugusa ardhi ya Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lililo jirani na visima hivyo. Likong'o gesi itafika kwa bomba, na hapo ndipo sehemu yake inaweza kuingizwa katika bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam kwa ajili ya umeme na viwanda. Tukishazoea kupakia baharini, nani atalijenga bomba hilo la kutoka kilindini, na kwa fedha zipi?

Tena, mtambo wa tani milioni 3.4 kwa mwaka, kama Coral Sul, kwa miaka 25 hautumii hata futi za ujazo trilioni 5, ilhali tumegundua trilioni 57.54, nyingi zikiwa kilindini, ingawa si zote zinazovunika; chombo kimoja kinachoelea kingegusa sehemu ndogo tu ya gesi hiyo.

Wanaotetea mtambo unaoelea watuonyeshe kifungu cha mkataba kitakachombana mwekezaji alete ufukweni gesi ya matumizi ya ndani, na adhabu yake asipoileta.