Mjadala: Injini zisizo na kamshafti zikifika Nakuru na Kisumu, nani ataruhusiwa kuzitengeneza?

Fundi wa Shabab, Nakuru

Wadau, habari za jioni. Nafungua mada hii nikiwa na msimamo tayari, anayenipinga anipinge kwa hoja. Kitakachomtoa fundi wa jua kali kazini miaka ijayo ni programu ya gari iliyofungwa, ambayo aliyeunda gari peke yake ana ufunguo wake. Naona serikali iweke sharti mapema: kampuni isiyotoa maelezo ya ukarabati na programu ya kusomea hitilafu kwa bei inayolipika, magari yake yasiingie nchini kuuzwa.

Nimechagua injini isiyo na kamshafti, ile shafti yenye nundu, kwa sababu ndiyo inayoonyesha tunakoelekea. Katika injini tulizozoea, krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ikizunguka mara mbili kamshafti huzunguka mara moja, na nundu zake ndizo zinazosukuma valvu, vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi, zifunguke. Nundu zimechongwa kiwandani, basi, hazibadiliki. Ukizichonga ili injini ivute vizuri ikiwa polepole, inakosa pumzi ikiwa mbio. Mwaka 1989 Honda walileta VTEC yenye nundu za aina mbili kwenye shafti moja. Toyota wakaja na VVT-i inayogeuza kamshafti kidogo kwa nguvu ya oili, na 2006, kwenye Lexus LS 460, kazi hiyo wakaipa mota ya umeme kwa valvu za kuingiza hewa. Fiat walitoa MultiAir 2009: nundu inasukuma oili, halafu kivalvu kidogo cha umeme kinaamua ni oili kiasi gani itafika kwenye valvu yenyewe. Hatua ya mwisho ni kuitupa kamshafti. FreeValve ya Uswidi, kampuni ndugu ya Koenigsegg inayounda magari ya matajiri, hufungua kila valvu kivyake kwa hewa iliyoshindiliwa, oili na umeme, na kompyuta ndiyo inayoamua ifunguke lini, kwa kiasi gani, ikae wazi muda gani. Injini yao ilionyeshwa China 2016 ndani ya gari la Qoros. Mwaka 2020 Koenigsegg wakatangaza gari la Gemera lenye injini hiyo ya silinda 3, lita 2, nguvu za farasi 600. Wateja karibu wote walichagua injini ya V8, yenye silinda 8, na ile ndogo ikawekwa kando.

Asidhani mtu kwamba hii ni ndoto ya matajiri tu. Meli nyingi kubwa za kontena zinasukumwa na dizeli zisizo na kamshafti. Injini za Sulzer RT-flex zilianza kazi baharini 2001, na kampuni ya MAN ina aina yake, ME. Kinachotofautisha meli na gari ni mwendo. Injini ya meli huzunguka kama mara 100 kwa dakika, na kwa kuwa ni ya mipigo miwili, valvu yake ya moshi hufunguka mara moja kila mzunguko, yaani haifiki mara mbili kwa sekunde. Gari likifika mizunguko 6,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 50 kwa sekunde, na kila mara ina kama milisekunde 7 tu za kwenda na kurudi. Nundu huirudisha valvu kitini taratibu kwa sababu mteremko wake umechongwa hivyo. Ukiiondoa nundu ukaweka sumaku ya umeme, sumaku huibamiza. Kuizuia isibamizwe, mara 50 kwa sekunde, mwaka hadi mwaka, ndiko kulikowatoa jasho wahandisi, na umeme unaoliwa hapo si haba. Valvu ikichelewa kufunga na pistoni inapanda, mnajua kinachofuata. Sote tumefungua injini iliyokatikiwa na mkanda wa taimingi, ule unaounganisha krenki na kamshafti, tukakuta valvu zimepinda.

Sasa ya kwetu. Nililetewa Toyota Probox inayosinzia mlimani, taa ya injini inawaka. Mashine yangu ndogo ya kusomea hitilafu ikanielekeza kwenye VVT-i. Nikafungua boliti ya pembeni ya silinda hedi, nikatoa kichujio cha waya kidogo kuliko ncha ya kidole, kimezibwa na tope jeusi la oili isiyobadilishwa. Nikakiosha kwa petroli, nikakipuliza, nikakirudisha, gari likapanda. Gari jingine, la Ulaya, lilikuwa limekufa kivalvu kimoja cha umeme. Tulipoweka kipya, kompyuta ilikataa kukitambua mpaka kisajiliwe kwa programu ya kampuni. Gari lilivutwa hadi Nairobi kwa kazi ya dakika chache, na ile gharama ya kuvuta ilizidi bei ya spea. Pale kivalvu ni kimoja. Injini isiyo na kamshafti, yenye silinda 4 na valvu 16, ina vifaa 16 vya namna hiyo.

Karibuni.

Derava wa Kisumu–Kericho

Fundi, shikamoo. Mimi nazitamani injini hizo. Kuanzia Ahero kwenye mashamba ya mpunga gari linakimbia lenyewe, lakini ukishapita Awasi ukaanza kupanda, unalihisi limechoka. Kisumu iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Kericho ni kama 2,000. Hewa huwa imepungua karibu sehemu moja ya kumi, na injini yangu haina tabo ya kuishindilia hewa. Je, kompyuta ikishika valvu itanirudishia nguvu hiyo? Nauliza kwa dhati, maana mafuta yananimaliza. Ila gari la kunilaza Awasi usiku na abiria eti kompyuta imekataa, hapana.

Fundi wa Shabab, Nakuru

Marahaba, kijana wangu. Hewa isiyokuwepo haiwezi kuitengeneza, kazi hiyo ni ya tabo. Faida utaipata huku chini: kwenye tambarare ya Ahero kompyuta inafunga valvu ya hewa mapema, silinda inameza kidogo, unaokoa mafuta. Ukianza kupanda inaiacha wazi mpaka silinda ijae kadiri inavyoweza. Na kwa kuwa valvu zenyewe ndizo zinazopima hewa, injini haihangaiki kuivuta kupitia koo la kuingizia hewa (throto) lililobanwa.

Mama Spea, Kibuye

Fundi, nakuheshimu, lakini sharti lako utamwekea nani? Magari tunayoendesha huku yanatoka Japani yakiwa mitumba. Anayeyaleta ni mfanyabiashara mwenye yadi, hajawahi kuzungumza na Toyota wala nani. Kanuni za uagizaji zinaangalia gari lisizidi miaka 8, usukani uwe kulia, lipite ukaguzi. Ukimwambia huyo wa yadi alete programu ya kiwanda, ataitoa wapi? Atafanya mambo mawili: ataacha kuleta, au atapandisha bei. Atakayeumia ni mwalimu wa shule ya msingi aliyekopa Sacco apate Vitz.

Tena oili. Hapa sokoni mteja anataka ya bei ya chini, na ya bandia ipo. Kichujio chako kimezibwa kwenye mfumo ambao oili inageuza kamshafti tu. Injini ambayo oili ndiyo inashika kila valvu itakufa mapema, na hakuna sheria ya programu itakayoiokoa. Mimi nasema injini hizo zisije kabisa.

Kijana wa Menengai

Kwani mbona tunajadili valvu mwaka huu? Nakuru tumekalia mvuke wa ardhini, Olkaria huku na Menengai pale, na karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya unatoka kwenye vyanzo visivyochoma mafuta. Boda ya umeme haina valvu, haina oili, haina taimingi. Wazungu wenyewe wameshindwa kuuza injini hiyo. Tuwafundishe vijana mota na betri.

Mwalimu wa Ufundi, Kisumu

Nimesoma wote, na Mama Spea ndiye aliyegusa penyewe. Niongeze ya nchi nyingine. Massachusetts, Marekani, walipitisha sheria 2012 inayowalazimu waunda magari kuwapa mafundi huru maelezo yale yale wanayowapa mawakala wao, na 2020 wananchi wakapiga kura kuipanua ifikie data ambayo gari hutuma lenyewe kwa mtandao. Afrika Kusini, Tume ya Ushindani ilitoa mwongozo ulioanza Julai 1, 2021: mwenye gari anaweza kulipeleka kwa fundi huru bila kupoteza dhamana (waranti) ya gari, na fundi huyo apewe maelezo ya kiufundi. Kisha kuna njia ya tatu, na ndiyo inayojibu swali la mitumba. Marekani tangu 2015 wameweka msamaha katika sheria ya hakimiliki, mwenye gari akivunja kufuli la programu ili kulitengeneza gari lake hajafanya kosa. Hapo huhitaji kumtafuta aliyeunda gari.

Nina hofu moja. Valvu ikiongozwa na programu, anayeibadilisha ovyo anaweza kuvunja injini kwa sekunde moja. Kibali cha kufungua kiende na cheti, mathalani mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, ambao mafundi wengi wa jua kali tayari wanaufanya.

Fundi wa Shabab, Nakuru

Mwalimu, asante sana. Hoja yangu sasa inakaa hivi. Anayeuza magari mapya nchini afungwe na sharti la kutoa maelezo na programu. Kwa mitumba, sheria iseme wazi kwamba kufungua programu ili kutengeneza gari kwa idhini ya mwenyewe ni halali. Kuhusu cheti nakubali, ilimradi ada yake isiwe ukuta mwingine.

Mama Spea, kuzizuia hatutaweza, zinakuja vipande vipande. Ile mota ya Lexus ya 2006 leo imo kwenye injini za Toyota za kawaida. Kwa oili uko sawa kabisa, na hilo ni la Shirika la Viwango kulifuata madukani.

Kijana wa Menengai, pengine umeme utashinda, na nitafurahi. Lakini gari la petroli linalotoka kiwandani Japani mwaka huu litafika Nakuru miaka saba ijayo na litaishi hapa miaka mingine mingi. Na hiyo betri yako, kompyuta yake ikikataa seli mpya uliyobadilisha, utampigia nani? Ni kufuli lile lile.

Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Naanza kuandika rasimu, na Bunge halitasikia malalamiko matupu. Mwenye kisa cha spea iliyokataliwa na kompyuta aweke hapa aina ya gari, mwaka, spea gani, na alilipa ngapi mpaka likawaka. Majina ya wateja msiweke.

Mama Spea, Kibuye

Bado sizitaki hizo injini, lakini andika yangu. Pikapu ya dizeli ya 2014, injekta (vinyunyizio vya mafuta) nne mpya. Kila injekta ina namba zake zimechapwa juu, na zisipoingizwa kwenye kompyuta injini inatetemeka na kutoa moshi. Fundi hakuwa na programu. Mteja akanirudishia zote nne akinilaumu kwamba nimemuuzia feki, nikamrudishia pesa yote. Zilikuwa halali, na risiti ya nilikozinunua ninayo.