Mjadala: Je, ni haki kuzuia kuni zisisafirishwe mbali kwa sababu ya mdudu?

Mwanzisha mada:
Ndugu wasomaji, naleta hoja hii: serikali ina haki ya kumzuia mtu kupakia kuni zake garini na kwenda nazo anakotaka, eti kwa sababu ya mdudu? Mimi nasema inayo.

Naishi Michigan, Marekani, ambako mwaka 2002, karibu na Detroit, aligunduliwa mbawakawa wa kijani kinachometameta, mwenye asili ya Asia ya Mashariki, ambaye inaaminika aliingia ndani ya mbao za kufungia shehena. Tangu hapo ameua makumi ya mamilioni ya miti iitwayo ashi. Muuaji hasa ni buu wake, anayekata njia za maji na chakula chini ya gome. Majuzi nilipasua gogo la ashi lililokaa uani tangu kiangazi. Gome lilibanduka kama ganda la muhogo uliochemshwa, na chini yake palikuwa na vijia vilivyopindapinda, vimeshindiliwa unga wa mti, huku nje kukiwa na matundu yenye umbo la herufi D, yasiyozidi milimita 4.

Kwa mabawa yake, mdudu huyu kwa kawaida husogea kilomita chache tu kwa mwaka. Hata hivyo, mwaka 2013 alikutwa Boulder, Colorado, mamia ya kilomita kutoka mahali pengine popote alipojulikana kuwapo. Umbali huo hakuuruka mwenyewe; alibebwa, na kuni ni njia mojawapo ya kumbeba. Ndiyo maana naiunga mkono sheria ya jimbo la New York: kuni zisipelekwe zaidi ya maili 50, yaani kilomita 80 hivi, kutoka zilikokatwa, isipokuwa zimekaushwa mpaka kiini chake kifikie nyuzi 71 za Selsiasi kwa dakika 75.

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu, nakuheshimu lakini sikubaliani nawe. Serikali kuu ya Marekani yenyewe iliifuta karantini ya mdudu huyo, yaani marufuku ya kutoa mbao na kuni za ashi katika maeneo aliyoenea, Januari 2021, ikaelekeza nguvu kwenye nyigu wadogo wanaoshambulia mayai na mabuu yake. Wenye fedha wameshindwa, sisi tutaweza?

Tena tuulizane ni nani anayeumia. Mwenye kiwanda ana tanuri la kukaushia kuni. Mzee anayepanga mafungu ya kuni kando ya barabara hana. Hapa Tanzania msafirishaji tayari hubeba hati ya kusafirishia mazao ya misitu, na kwenye kizuizi hukaguliwa malipo na uhalali wa uvunaji. Ukimwongezea mkaguzi kazi ya kutafuta mdudu, umempa sababu nyingine ya kusimamisha gari, na sote tunajua mazungumzo ya hapo huelekea wapi. Isitoshe, nyigu mwingine, mharibifu, anayetia vinundu kwenye mikaratusi, aliyebainika Kenya mwaka 2002 huishi kwenye majani machanga na husafiri na miche. Kuni hazihusiki hata kidogo.

Mwanzisha mada:
Kuhusu nyigu wa mikaratusi uko sahihi, ila hilo linatutaka tukague miche pia, halizisafishi kuni.

Karantini iliyofutwa 2021 ilimlenga mdudu mmoja, na alipokwisha kuenea ikakosa kazi. Sheria ya masafa haimuulizi mdudu jina. Afrika Kusini, mwaka 2017, aligunduliwa huko Pietermaritzburg mbawakawa wa milimita 2 hivi anayelima kuvu ndani ya mti. Jike mmoja aliyekwisha kujamiiana anatosha kuanzisha kundi zima, naye hubebwa ndani ya kuni na matawi yaliyokatwa. Miongoni mwa miti anayoishambulia ni mparachichi. Mkulima wa Njombe au Murang'a aliyeotesha miparachichi kwa mkopo asiambiwe kwamba suala hili ni la Wamarekani wanaobeba kuni kwenda kupiga kambi.

Huyo mzee wa kando ya barabara huuza kuni za karibu, kwa hiyo sheria ya masafa humgusa kidogo kuliko lori linalovuka mikoa mitatu. Huko New York, anayebeba kuni za matumizi yake ndani ya maili 50 hujijazia mwenyewe cheti cha zilikotoka, bila kupanga foleni katika ofisi yoyote.

Kuhusu mkaguzi na mazungumzo yake, hapo umenishika. Ningependa hati iliyopo iongezwe mstari mmoja tu unaotaja kijiji kuni zilikokatwa, ili mdudu akionekana tujue pa kuanzia, lakini nani atahakikisha kilichoandikwa ni kweli, bado natafuta jibu.